Bega la Kushoto la Safiya

Safiya alikuwa mchoraji wa mabango, na mkono wake wa kazi ulikuwa wa kushoto. Shangazi zake walihangaika kumwachisha tangu utotoni. Mezani walifaulu: anakula kwa mkono wa kulia kama binti yeyote wa zile nyumba za Waislamu wa zamani wa Kisangani. Kwenye rangi walishindwa. Brashi ikikaa kulia hutetemeka kama mkia wa mbuzi. Ikihamia kushoto, mstari unanyooka wenyewe. Ukipita njia ya sokoni katika Tshopo, mojawapo ya komini za mji, yule samaki anayecheka kwenye ukuta wa mgahawa ni wake. Mwanamke mwenye misuko hadi kiunoni, pale saluni, ni wake. Na simba aliyevaa miwani ya jua kwenye karakana ya pikipiki, ambaye vijana hupiga picha naye siku za sikukuu, huyo naye ametoka kwenye mkono huo.

Asubuhi moja alikuwa akikata bati la bango la duka la dawa. Bati likateleza, likamchana kiganja cha kulia. Jeraha lenyewe halikuwa kubwa, ila bati lilikuwa la kutu. Mumewe, Feruzi, mfanyabiashara anayepeleka chumvi na sabuni Opala kwa mashua, alikuwa nyumbani wiki hiyo. Alipoiona ile kutu hakutaka mjadala.

"Pepopunda haina mchezo," alisema. "Kule Opala nilijua mutu mumoja, musumari ndogo tu njo ilimuua. Vaa viatu, tunaenda."

Walikwenda Étoile du Fleuve, kliniki ya binafsi yenye sakafu ya vigae vyeupe na foleni ndefu iliyotoka hadi barazani. Muuguzi aliyekuwa akidunga sindano za chanjo ya pepopunda aliitwa Gédéon, mtu mpole wa uso, mwenye macho ya kukosa usingizi. Kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, Safiya akampa wa kushoto. Gédéon hakumwomba autoe mkono kwenye nguo. Alisimama, yeye Safiya akiwa ameketi, akaivuta shingo ya gauni pembeni mpaka ncha ya bega ikachungulia, akapapasa na pamba. Safiya aliuhisi ubaridi wa pamba juu kabisa, pale mfupa ulipo.

"Papa, hapo si ni juu sana?" aliuliza.

"Mama, tulia. Hii ni kazi yangu."

Akatulia. Sindano ikaingia. Safiya alikuwa amedungwa sindano nyingi maishani, za malaria, za uzazi, na hakuna iliyowahi kumfanya apige kelele. Hii ilimtoa yowe. Ilikuwa kama mtu amepigilia msumari kwenye bawaba ya mlango.

"Itaisha," Gédéon alisema, na tayari alikuwa akimwita mwingine.

Haikuisha. Jioni ile Safiya alitaka kuchana nywele, mkono ukagoma kufika kichwani. Kesho yake hakuweza kuvaa gauni bila Feruzi kumsaidia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na Feruzi akarudi zake Opala, kwa maana chumvi haijiuzi. Safiya akabaki na mtoto wao mchanga, Aziza, ambaye hakuelewa kwa nini mama yake hambebi tena mgongoni. Kumfunga mtoto mgongoni kunataka mikono miwili yote izunguke nyuma na juu, na mmoja ulikuwa umekufa kama tawi kavu. Usiku hakuweza kulalia upande ule. Mchana alipanda kwenye kiti mbele ya ukuta, akachovya brashi, akainua. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukasimama. Alijaribu kuusukuma juu kwa mkono wa pili. Rangi ilimdondokea usoni, machozi yakafuata.

Kazi zikaanza kumponyoka. Mwenye hoteli mmoja wa katikati ya mji, aliyekuwa amemwagiza ukuta mzima wenye msitu na okapi, alimsubiri, akamsubiri, mwishowe akampa kijana wa komini ya Mangobo.

Safiya alirudi kliniki. Walimpa vidonge vya maumivu. Akarudi tena. Safari hii alikutana ukumbini na mwenye kliniki mwenyewe, docteur Lambert, mtu mrefu mwenye sauti ya redio. Docteur alimsikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mama," alisema, "sindano haiharibu bega. Labda ulilala vibaya."

Safiya aliondoka akiwa karibu kuamini. Alianza kulala chali, bila mto, kama maiti, akijilaumu kwa usingizi wake mwenyewe. Yawezekana angejilaumu hadi leo kama Feruzi asingerudi kutoka Opala, akamkuta amekonda, akampakia kwenye pikipiki na kumpeleka kwa daktari wa mifupa.

Daktari huyo alikuwa mwanamke, docteur Odile, wa hospitali kubwa ya mjini. Huyu hakusimama mlangoni. Alimketisha Safiya, akauinua ule mkono polepole, mbele, pembeni, nyuma, akimtazama usoni kila mara kuona maumivu yanaanzia wapi. Akampitisha kwenye mashine inayoonyesha ndani ya mwili, akageuza kioo ili naye aone.

"Unaona hapa, chini ya mufupa? Kuna kifuko kidogo chenye maji. Njo kinafanya mukono iteleze vizuri. Sindano inapashwa kuingia kwa nyama ya mukono, chini zaidi. Yako iliingia huku. Dawa ikachoma kifuko, bega yote ikavimba, sasa imekazana."

Safiya alikitazama kile kivuli cha kijivu kwa muda mrefu.

"Donc sikulala vibaya," alisema.

"Nani alisema ulilala vibaya?"

Safiya akaivuta nguo irudi begani. Alichokihisi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya sindano, hakikuwa maumivu. Kilikuwa hasira, hasira safi, ya mtu aliyedanganywa, kisha akajilaumu yeye mwenyewe.

"Inapona?" Feruzi aliuliza.

"Inapona. Lakini inaomba muda, na mazoezi ya kweli, na hayo si ya bure."

Njiani wakirudi, Feruzi aliisimamisha pikipiki karibu na daraja la mto Tshopo, pale ambapo kelele za maji ya bwawa zinazima maneno ya wapita njia. Akamuuliza mkewe anataka kufanya nini.

"Nataka waseme."

"Waseme nini?"

"Kama ni wao. Nataka waseme mbele ya watu, na watengeneze kile waliharibu."

Familia iliposikia, neno la kwanza lilikuwa la ami yake, tonton Mohamadi. Tonton Mohamadi ndiye aliyemlea Safiya baada ya baba yake kufa. Fundi cherehani wa makanzu, mtu wa swala tano na wa kuogopa serikali. Alitikisa kichwa.

"Mutoto wangu, mwenye nguvu mpishe. Ile ni watu wenye mali. Mahakama itakuzungusha mpaka Aziza aolewe. Mwachie Mungu."

"Tonton, Mungu nimemwachia yake. Hii nyingine ni yangu."

Alikwenda kwa wakili. Katika jengo la mahakama kuna mawakili ambao hupokea kesi za watu wasio na uwezo, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Maître Chimène, binti wa watu wa Kindu, mwembamba, mwenye miwani na tabia ya kugonga meza kwa kalamu akifikiri. Alimsikiliza Safiya toka bati hadi kivuli cha kijivu bila kumkatiza. Kisha akagonga meza.

"Sheria iko wazi, mama. Mutu akiumiza mwenzake kwa kosa yake, anapashwa kutengeneza. Na bosi anajibu juu ya kosa ya mufanyakazi wake. Kitu ngumu ni kuonyesha kosa. Watasema bega iliharibika yenyewe."

"Nilimwambia ni juu sana."

Kalamu ikasimama. "Ulimwambia? Kabla ya sindano?"

"Mbele ya watu wote waliokuwa kwa ligne wakingoja sindano."

"Na watu wale unawajua?"

Safiya hakuwajua hata mmoja. Maître Chimène akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Bon. Basi tutamuuliza muuguzi yeye mwenyewe."

Habari ilipowafikia Étoile du Fleuve kwamba wameshitakiwa, docteur Lambert hakukawia. Alikuja kwa gari lake hadi nyumbani kwa tonton Mohamadi, akakaribishwa sebuleni Safiya akiwapo, akanywa chai ya tangawizi, akaisifu. Kisha akatoa bahasha nene na karatasi moja ya kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba Safiya anakubali bega lake halikuumizwa na sindano, na kwamba kliniki inampa msaada kwa huruma tu.

Tonton Mohamadi aliitazama ile bahasha, akameza mate. Nyumba yao haikuwa na mlango wa pili tangu mvua za mwaka uliopita. Hakuna aliyemlaumu.

Safiya aliisoma karatasi mara mbili. Akaiweka mezani taratibu.

"Docteur," alisema, "kama bega hii haikuharibikia kwenu, enveloppe hii ni ya nini?"

Docteur Lambert alikisogeza kikombe cha chai pembeni. "Ni huruma, mama. Charité."

"Siku nilikuja nalia kwenu, huruma ilikuwa wapi? Ulinijibu na mukono kwa mulango."

Ndipo lilipotokea jambo ambalo Safiya hulisimulia kwa furaha kuliko yote: tonton Mohamadi, mtu wa kuogopa serikali, alisimama, akaichukua bahasha kwa mikono miwili kama anayeshika sahani ya moto, akamrudishia mgeni.

"Docteur, chai ile karibu tena siku yoyote," alisema. "Lakini mutoto wangu si muongo."

Baada ya hapo vita vikahamia mitaani. Ikaanza kusemwa kwamba Safiya anapinga chanjo, kwamba anatumiwa na watu wa madhehebu fulani, kwamba kwa ajili yake watoto watakufa kwa surua. Wengine, na hao walimuuma zaidi, walikuja kumpongeza. Jirani yake Berthe, mwuza ndizi za kuchoma, alimkamata mkono sokoni, ule mzima kwa bahati, akimwita Ya, yaani dada.

"Ya Safiya, uliona? Mie nilisema toka zamani, vaccin ni sumu. Mujukuu wangu sitampeleka tena."

Safiya aliduwaa. Hakuwa amewaza kwamba maumivu yake yanaweza kugeuzwa fimbo ya kuwapigia watoto. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo katika kituo cha afya cha komini. Alimvalisha Aziza gauni la sikukuu, akamwomba Berthe ambebe, kwa kuwa yeye hakuweza, wakaenda wote. Berthe alikuwa akinung'unika njia nzima.

"Wewe mwenyewe walikuvunja, na unampeleka mutoto?"

"Ya Berthe, kama motard amekuangusha na pikipiki yake, unamushitaki motard. Haushitaki barabara."

Muuguzi wa kituo, mama mnene aliyeitwa Sandrine, alivuta kigoda akaketi, akalifunua paja la Aziza lote, akapima kwa vidole, akadunga. Aziza alilia, akanyonya, akasahau. Safiya alisimama pale akimtazama Sandrine kama mtu anayetazama ngoma inayochezwa sawasawa. Basi ni rahisi hivi, aliwaza. Kuketi. Kufunua. Kupima. Kumbe uharibifu wa maisha yangu uligharimu kigoda kimoja ambacho hakikuvutwa.

Chanjo iliyofuata Berthe alionekana kwenye foleni na mjukuu wake, akijifanya hamwoni Safiya.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara hakimu anaumwa, mara wakili wa kliniki yuko safarini Kinshasa. Kila mara Safiya alifunga kilemba chake kwa mkono mmoja na meno, akaenda hadi mahakamani Makiso, akaketi kwenye benchi, akarudi. Tonton Mohamadi alimsindikiza kila safari, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. "Wakituchosha," alisema, "watatuchosha tukiwa wasafi."

Siku ilipofika kweli, ukumbi ulijaa. Kesi iliendeshwa kwa Kifaransa, lakini wasiokijua waliruhusiwa kusema Kiswahili au Lingala. Wakili wa kliniki alisimama kwanza, joho limemkaa vizuri, na kwa sauti tamu akaeleza kwamba mama huyu anaitia hofu miji mizima, kwamba leo ni bega lake, kesho ni mlipuko wa ugonjwa.

Hakimu akamgeukia Safiya. "Mama, uko contre vaccin?"

Safiya alisimama.

"Hapana, Monsieur le Président. Mutoto wangu alichanjwa na kesi hii ikiwa inaendelea. Sindano ile ilinikinga na pepopunda, na ninashukuru. Ila mutu akinipa maji ya kunywa, haimupi ruhusa ya kunivunja meno na kikombe."

Ukumbi ukacheka, hakimu naye akainama kidogo kuficha mdomo. Wakili wa kliniki akaketi.

Kisha akaitwa Gédéon.

Safiya hakuwa amemwona tangu ile siku. Alikuwa amekonda. Katika maelezo yake aliyokwisha kuyaandika, alisema alidunga mahali panapotakiwa na kwamba mgonjwa hakulalamika. Aliapa, akasimama akiwa ameshika kofia yake, hakumtazama mtu.

Maître Chimène hakumpigia kelele. Alimsogelea kama anayezungumza na mjomba wake.

"Papa Gédéon, hatutaki maneno mengi. Tuonyeshe tu namna unapiga sindano. Monsieur le Président, tunaomba mutu wa kukaa kwa kiti."

Hakimu akatazama huku na huku, akamwona karani wake, Sadrack, kijana aliyevaa shati jipya la mikono mirefu. "Sadrack, kaa pale."

"Bila sindano ya kweli, Monsieur le Président?" Sadrack aliuliza, na ukumbi ukaangua kicheko kingine.

Sadrack akaketi. Gédéon akaweka kofia mezani. Na hapo, mbele ya watu wote, mikono yake ikafanya ilichozoea. Hakuvuta kiti. Alisimama juu ya Sadrack, akafungua kifungo cha shati, akaivuta kola pembeni mpaka ncha ya bega ikatokea, akaweka kidole gumba pale juu kabisa, kwenye ukingo wa mfupa.

"Hapa," alisema.

Hakuna aliyecheka tena. Safiya alihisi bega lake mwenyewe likishtuka, kana kwamba kile kidole kimemgusa yeye.

"Bakia hapo hapo, papa," Maître Chimène alisema kwa upole. "Docteur Odile?"

Docteur Odile alikuja mbele. Alimwomba Sadrack autoe mkono wote kwenye shati, akavuta kiti akaketi sambamba naye, akapima vidole kutoka kwenye mfupa kushuka, akaweka kidole chake katikati ya nyama ya mkono. Sasa vidole viwili vilikuwa kwenye mkono wa Sadrack, cha muuguzi juu, cha daktari chini, na nafasi kati yavyo hata mtu wa kiti cha nyuma aliiona.

Hakimu aliinuka nusu kwenye kiti chake, akatazama, akaketi, akaandika.

"Papa Gédéon," Maître Chimène aliendelea, "nani alikufundisha hivi?"

Gédéon alimtazama docteur Lambert aliyekuwa mstari wa mbele, kisha akatazama sakafu.

"Hakuna mutu alinifundisha namna ingine. Niliwakuta wenzangu wanafanya hivi, nikafanya. Watu walikuwa wengi, na sisi tuliambiwa kila siku: harakisheni, harakisheni. Kutoa nguo kunakula muda."

"Na mama huyu, alikuambia neno kabla ya sindano?"

Wakili wa kliniki alianza kusimama. Hakimu akamwashiria akae.

Gédéon aliichukua kofia yake mezani. Halafu, mara ya kwanza, alimgeukia Safiya na kumtazama machoni.

"Ndiyo," alisema. "Aliniambia kama ni juu sana."

"Ulimujibu nini?"

"Nilimwambia atulie." Sauti ilimkatika. "Waliniomba niandike kama hakusema kitu. Lakini alisema. Sauti yake haijanitoka."

Safiya aliketi bila kujua kwamba alikuwa amesimama. Mkono wa tonton Mohamadi ulikuwa juu ya wake, mgumu wa miaka ya sindano za cherehani, ukimbana mpaka kuuma.

Hukumu ilisomwa baada ya majuma kadhaa, asubuhi yenye mvua. Hakimu alisoma Kifaransa chake kwa kasi, vifungu kwa vifungu, na Safiya, aliyesoma hadi shule ya msingi tu, alishika neno moja hapa, jingine pale: *faute*, *épaule*, *réparation*. Aliacha kusikiliza akaanza kuutazama uso wa Maître Chimène. Uso ule haukusema kitu. Kalamu tu ndiyo iliyogonga meza, mara moja, taratibu.

Hakimu akafunga faili.

"Amesema nini?" tonton Mohamadi aliuliza kwa sauti ambayo mahakama nzima iliisikia.

Maître Chimène aligeuka. Miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Amesema kosa ni ya kliniki. Watalipa matunzo yote mpaka mukono upone, na kazi yote iliyopotea, na maumivu. Na amesema tena," hapo akavuta pumzi, "amesema mugonjwa akiongea, mwenye kumutunza anapashwa kusikiliza."

Berthe, ambaye hakuna aliyejua kwamba amekuja, alipiga kigelegele kutoka mlangoni. Kikapokewa na mama wengine wasioijua hata kesi yenyewe, waliokuja kwa mambo ya viwanja na talaka, na mlinzi aliyeamriwa kuwanyamazisha alijikuta anacheka. Feruzi, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya siku hiyo, alimwinua Safiya hewani, akakumbuka bega, akamshusha haraka akiomba msamaha. Tonton Mohamadi alikuwa amefunika uso kwa kofia yake, mabega yanamcheza.

"Tonton, unalia?"

"Nani analia? Ni mvua."

"Ndani ya nyumba?"

"Serikali haitengenezi mabati," alisema, na kicheko kikamshinda.

Étoile du Fleuve hawakukata rufaa. Walilipa, si kwa furaha na si kwa haraka, lakini walilipa. Watu waliopita pale baadaye walisema kila chumba cha sindano kimewekwa kigoda, na wauguzi wote walipelekwa kwanza wiki nzima kufundishwa upya. Gédéon hakusubiri kufukuzwa. Alihamia kituo cha afya upande wa Masako, na kabla ya kuhama alikuja nyumbani kwa Safiya na ndizi za kuiva, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa.

"Mama, nimekuja kuomba pardon."

Safiya alimwangalia. Alikuwa amejiandalia maneno makali kwa siku kama hiyo, mengine alikuwa ameyakariri usiku wa maumivu. Alipoyatafuta, hakuyaona.

"Ungeweza kusema uongo mbele ya mahakama," alisema. "Watu wakubwa walikuomba. Haukusema. Ingia ukule, papa, lituma ya ndizi iko tayari."

Mazoezi yalikuwa marefu. Kiné, yaani mtaalamu wa viungo, alimpandisha vidole ukutani kama buibui, leo hapa, wiki ijayo juu kidogo. Kulikuwa na siku za kusaga meno na siku za kutukana kimoyomoyo. Aziza akaanza kutambaa, akaanza kusimama. Siku moja Safiya akamfunga mgongoni mwenyewe, akazunguka uani mara nyingi hata mtoto akachoka kubebwa. Kazi zikarudi, kwanza zile za chini, za milango, halafu za kuta. Mwenye hoteli alimwita tena. Okapi wa yule kijana wa Mangobo alikuwa ametoka na miguu ya ng'ombe.

Mkono haukuwa tayari kabisa, kiné alisema. Kuuinua hadi sikioni ulikubali. Kupita hapo alipaswa kusubiri.

Jumamosi moja Safiya alitoka sokoni na kapu la pondu, majani ya muhogo, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, jua kali, Aziza amemshika gauni. Ng'ambo ya barabara akaona pikipiki tupu inataka kuondoka. Alihamisha kapu mkono wa kulia na kupaza sauti, "Motard! Eh, motard!" Dereva akamwona, akageuza, akaja mpaka miguuni pake.

"Tunaenda wapi, mama?"

Safiya alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa juu ya kichwa, umenyooka, kiganja wazi, kama wa mtu anayegusa dari. Hakukumbuka kuuinua. Haukuwa umemwuliza.

"Mama? Tunaenda?"

"Ngoja kidogo, papa," alisema, akicheka na machozi yanamtoka hapo sokoni. Akaushusha mkono hadi chini, akahesabu pumzi moja, akauinua tena, juu kabisa, na Aziza, akidhani ni mchezo, akainua na wake.